Plakete za Esta na Mkojo wa Wifi Yake

Ninyi mnaobaki kwenye labo, siku ile ya kuniaga mlinipa kitenge, mkanipa soda, mkanipiga picha nikiwa nimefumba macho, kisha mmoja wenu akasema, "Mama Labo, utuandikie hata kurasa chache." Nikakubali, kwa sababu mtu akiwa na soda mkononi anakubali lolote. Sasa niko nyumbani, mtaa wa Kataki hapa Kalemie, miguu iko juu ya kigoda, na nimegundua kwamba kurasa chache ni nyingi sana kwa mtu aliyeandika "pozitif" na "negatif" maisha yake yote.

Vyeo sitavitaja, havikuwa vingi. Mshahara nao nitauruka, kama wenyewe ulivyokuwa ukiniruka miezi mingine. Nitawaandikia habari za damu, maana ndizo ninazozijua, na zaidi habari za plakete, zile chembe ndogo za damu ambazo wenzetu wa ng'ambo ya ziwa wanaziita chembe sahani.

Kwanza mjue aliyewaandikia ni mtu wa namna gani. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wa darasa walikwenda Lubumbashi kuongeza masomo, wengine wakavuka hadi Kigoma na kurudi wakiongea Kiswahili kilichovaa tai, wanasema "ndiyo" pale sisi tunaposema "njo". Mimi nilimaliza sekondari hapa hapa, nikaolewa hapa hapa, na kazi ya labo, ya kupima damu na mkojo, niliichagua kwa sababu moja tu: niliambiwa ni kazi ya kukaa. Hakuna aliyeniambia kwamba kabla ya kukaa unapaswa kuzunguka kitanda kwa kitanda ukitafuta mishipa ya watu wasiotaka kukuona.

Aliyenipokea ni Papa Kisimba, mkuu wa labo, mtu mrefu wa Kongolo, ambaye koti lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi mpaka ungedhani lingeweza kusimama peke yake. Siku ya kwanza aliniweka mbele ya mikroskopi. Ilikuwa ile ya zamani yenye kioo cha chini, ambacho unakigeuza hadi kishike jua la dirishani. Akaniambia nitazame, nimwambie naona nini. Nikatazama kwa bidii yote niliyokuwa nayo. Nikaona wadudu weusi, warefu, wenye miguu iliyopinda, wakicheza juu na chini.

"Papa," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya mtu anayetangaza vita, "huyu mugonjwa amekwisha. Wadudu wamejaa."

Papa Kisimba akainama, akatazama, akanyanyuka polepole.

"Mama, fumba jicho, fungua."

Nikafumba, nikafungua.

"Wadudu wamecheza?"

"Wamecheza, Papa."

"Hizo njo kope zako. Na hakuna damu hapo, sijaweka hata kioo."

Habari hiyo ilifika materinite, wodi ya wazazi, kabla ya saa sita mchana. Kwa miaka mingi wauguzi walinisalimia kwa kupepesa macho. Kwa hiyo mkiwacheka wanaoanza kazi, wacheke kwa kiasi, maana labo yetu ina historia.

Kuhesabu plakete kulinichukua muda mrefu kuliko kujifunza kupika ugali usio na madonge. Unaichanganya damu kidogo na maji ya dawa yanayopasua chembe nyekundu, maana hizo ni nyingi na zinaziba kila kitu. Unajaza kile kioo chenye mistari midogo. Unakifunika kwenye sahani pamoja na pamba iliyolowa ili kisikauke, unasubiri plakete zitulie chini, ndipo unahesabu. Shida ni kwamba plakete ni ndogo sana na vumbi la Kalemie nalo ni dogo sana. Papa Kisimba alinifundisha kuzungusha skrubu ya mikroskopi mbele na nyuma taratibu. Plakete inang'aa na kuzima, inang'aa na kuzima, kama ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wanavyogeuka majini wakipata jua. Vumbi halijali, linabaki jeusi tu.

Alinifundisha na kutoziamini hesabu zangu mwenyewe. Ukichelewa kuvuta damu, au ukisahau kuichanganya vizuri ndani ya tubu, ile chupa nyembamba ya damu, plakete zinashikana mafungu mafungu, na ukihesabu unakuta ni chache, kumbe zote ziko pale, zimekaa kikundi kama wanawake kwenye msiba. Tulipata siku moja mwalimu wa shule aliyekuja na kikohozi tu, na hesabu ikasema amebakiza plakete za kuhesabika kwa vidole. Alikuwa ameketi kwenye benchi akisoma, hana hata tone la damu puani. Papa Kisimba akapaka damu yake kwenye kioo, akatazama pembeni kabisa ambako mafungu hupenda kwenda kujificha, akayakuta. Tukavuta damu upya, upesi, hesabu ikawa nzuri. Mwalimu hakujua kamwe kwamba kwa nusu saa tulikuwa tumeanza kumhurumia.

Na alikuwa na desturi moja ambayo sikuiona mahali pengine, si kwamba nimeona mahali pengi. Katika labo yake hukungoja damu iletwe. Uliifuata mwenyewe, na ukishamfunga mgonjwa kamba mkononi, hukumwuliza anaumwa nini, maana hilo ameshaulizwa na kila aliyepita na amechoka. Ulimwuliza, "Wiki hii ulikuwa wapi?" Nilidhani ni umbeya wa mzee. Nilipoanza kuuliza niligundua mimi mwenyewe ninao umbeya huo kwa asili, basi kazi ikawa nyepesi.

Papa Kisimba alipostaafu akarudi Kongolo kwa watoto wake, aliniachia mikroskopi, sahani yake ya pamba, na jina la Mama Labo. Baadaye tukaletewa mashine ya kuhesabu damu yenyewe, kubwa, nyeupe, yenye skrini. Tuliipigia makofi. Ilifanya kazi vizuri hadi maji yake ya dawa yalipokwisha, na tangu hapo ikakaa chini ya kitambaa kama bibi arusi anayesubiri mahari. Nawaambia hivi ili msije mkatupa sahani ya pamba. Kesi ninayotaka kuwaeleza ilikuja wakati bibi arusi yuko chini ya kitambaa.

Esta alikuwa mwanamke wa biashara ya ziwani. Watu wake ni wa upande wa kaskazini, huko Baraka, na yeye aliolewa hapa. Alikuwa akipanda maboti ya mbao kwenda kuchukua mafuta ya mawese huko kwao, anayashusha Kalemie, mengine anayapeleka Moba. Mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko yangu na ya mume wangu tukiiunganisha. Alifika materinite na mimba iliyoingia mwezi wa saba, tumbo linamkaza na kuachia, mgongo unamuuma, na joto la mwili limepanda kidogo. Alisindikizwa na wifi yake Sifa, dada wa mume, mwanamke mwembamba mwenye maneno mengi kuliko uzito.

Mama Godelive, mkunga wetu, ambaye wengi wenu mnamwogopa na mnafanya vizuri, alinijia labo asubuhi ile. Hakupepesa macho, nikajua jambo ni zito.

"Mama Labo, huyu alishazaa mara mbili kabla ya wakati. Wote wawili hawakuishi. Huyu njo wa tatu, na njia imeanza kufunguka kidogo. Akitoka leo, hapa hatuna mashine ya kumlea."

"Malaria?"

"Njo nimekuja kukuuliza."

Malaria hakuwa nayo. Nilitazama kioo mpaka kope zangu zikachoka. Lakini chembe nyeupe zilikuwa nyingi, zimejaa kama watu bandarini boti likiwa limefika, na plakete zilikuwa chache. Nilitazama pembeni mwa kioo kutafuta mafungu, hayakuwapo. Nikarudi kitandani, nikavuta damu ya pili, nikahesabu upya. Chache. Mkojo nao ulikuwa umeletwa kwenye kichupa, nikautazama: safi, mweupe, mzuri, mkojo wa kupigiwa picha. Nikaandika hivyo.

Dokta Ilunga alikuja labo mwenyewe na matokeo mkononi. Ni kijana, ametoka chuo si zamani, na ana tabia nzuri ya kufikiri kwa sauti mbele ya watu. Akakaa kwenye kigoda cha stajeri, cha wanaojifunza kazi, magoti yakamfika kidevuni.

"Mama Labo, kuna moto ndani ya huyu mama. Inflamasyo. Sijui uko wapi."

Nikamwambia mimi najua kuhesabu tu, anieleze moto na plakete vinahusiana vipi. Akanieleza, na ninawapa kama nilivyopokea, kwa sababu sijapata kusikia maelezo yanayoshinda yale.

Alisema sisi tumezoea kufikiri plakete ni za kuziba kidonda. Ni kweli, lakini pia ni za kwanza kufika mahali mwili unapodhurika, na zikifika zinapiga kelele. Zinaziita chembe nyeupe, zinazishika mkono, zinamwaga dawa zao zinazochochea moto. Zinazokwenda huko zinatumika na kuisha, ndiyo maana ukihesabu kwenye damu unakuta zimepungua. Moto ukiwa mdogo, mwili unauzima. Ukiwa mkubwa, zile dawa zinazunguka mwili mzima, na mfuko wa uzazi unazipata kama amri iliyotumwa kabla ya wakati: lainika chini, kaza juu, toa mtoto. Akasema wataalamu bado wanabishana nani hasa anaanza na nani anafuata, na hata yeye asingethubutu kuapa. Lakini jambo moja alikuwa na hakika nalo.

"Kama moto uko ndani ya mfuko wenyewe, pamoja na mtoto, lazima nimtoe mtoto leo, nikichelewa nitampoteza na mama. Kama moto uko mahali pengine, ninauzima huko, natuliza mfuko, na mtoto anabaki ndani. Dalili ni zile zile. Mkojo ni safi, kwa hiyo si figo. Malaria hakuna. Ninabaki na mfuko."

"Na kumtoa leo, ataishi?"

Alikuwa na mtoto wa miezi mitatu nyumbani, nilimwona akiangalia mikono yake.

"Nenda ukae naye kidogo," akasema. "Mimi kila nikimwuliza kitu ananijibu 'ndiyo, Dokta.' Nimemwuliza anaumwa mgongo, ndiyo Dokta. Nimemwuliza haumwi mgongo, ndiyo Dokta. Labda wewe atakuambia."

Nikaenda. Nilichukua sindano mkononi ili nisionekane nimekuja kupiga soga, ingawa ndicho nilichokuja kufanya. Esta alikuwa amelala kwa ubavu, ameshika chuma cha kitanda. Sifa alikuwa ameketi miguuni akimpepea na kipande cha katoni. Mlangoni walisimama wanaume wawili wa boti lake, wamekuja kumwona, wamevua kofia.

Nikawaambia wanaume watoke kidogo wakatafute upepo. Nikamfunga kamba mkononi.

"Mama Esta, wiki hii ulikuwa wapi?"

"Nilitoka Baraka, mama. Tulikuwa na mawese."

"Safari ilikuwaje?"

"Upepo. Tulijificha kwenye kighuba tukangoja, siku ikapita, na nyingine."

"Boti lina watu wengi?"

"Limejaa. Mapipa, watu, mbuzi. Nilikaa juu ya madumu yangu."

"Na ukibanwa na mkojo?"

Sifa ndiye aliyenijibu, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mgeni njia ya sokoni.

"Mama Labo, wewe hujapanda boti?"

"Nilipanda siku moja kwenda Moba, nikatapika tangu bandarini hadi bandarini. Sikuwa na nafasi ya kubanwa."

Sifa akacheka. Hata Esta alitikisa bega kidogo.

"Basi usikie," Sifa akasema. "Mwanaume anasimama pale pembeni, anageuka, anamaliza, anaendelea na maneno yake. Mwanamke atafanya nini? Ataweka matako nje, boti zima linamtazama? Siye wa ziwani, siku ya kusafiri hatunywi maji tangu jana yake. Na kama yamo, unayabana mpaka nchi kavu. Mama yangu alibana, bibi yangu alibana. Mwanamke wa kuomba boti lisimame, watamwimbia huko bandarini mwaka mzima."

"Na zile mimba mbili za kwanza," nikamwuliza Esta, "ulikuwa ukisafiri hivyo hivyo?"

"Njo kazi yangu, mama."

Nikavuta damu yake upesi, nikaichanganya taratibu, nikiwa ninafikiri. Kisha nikasema, kwa utani kabisa, maana ndivyo ninavyoongea hata nikiwa na wasiwasi:

"Lakini Mungu anakupenda. Mwanamke amebana mkojo siku zote hizo, hajanywa maji, halafu mkojo wake ni safi kama wa mutoto wa shule ya chekechea. Nimeutazama mwenyewe. Ningekuwa na mkojo ule ningeutembeza mtaani."

Hakuna aliyecheka. Esta alimtazama Sifa. Sifa alitazama katoni.

"Wifi," Esta akasema polepole.

"Nini?"

"Mwambie."

Sifa akajipepea mwenyewe sasa.

"Mama Labo, wale vijana wa boti walikuwa wamesimama pale uwanjani, njia yote mpaka labo. Yeye akasema hawezi kupita mbele yao na kichupa mkononi, atakufa kwa haya. Na akijaribu kwenda chooni inamuunguza, anatoa tone tu. Mimi nikasema, ah, leta hicho kichupa. Mukojo si mukojo? Wanataka kujaza chupa, tumewajazia."

Nilimeza cheko, nikameza na hasira, vyote viwili vikashuka pamoja.

"Mama Sifa, nakupongeza. Figo zako ni nzima kabisa. Nimekuandikia hivyo kwa jina la wifi yako."

"Kweli ni nzima?" akauliza, na ninaapa alifurahi.

Safari hii niliweka pazia la kitenge kuzunguka kitanda, Mama Godelive akashika upande mmoja na Sifa akashika wa pili, na Esta akajaza kichupa kwa machozi ya maumivu. Mkojo wenyewe sikuhitaji kuupeleka kwenye mikroskopi ili kujua. Ulikuwa mzito kama maji ya kuoshea mchele. Niliupeleka hata hivyo. Chembe za usaha zilikuwa zimeshonana, na katikati yao vijidudu vinakwenda mbio, na safari hii havikuwa kope zangu. Nikamwita Dokta aje atazame mwenyewe. Akatazama kwa muda mrefu. Alipomaliza alirudi wodini, akampiga Esta kwa ngumi ndogo mgongoni, pale chini ya mbavu, upande wa kulia, na Esta, mwanamke wa "ndiyo, Dokta," akamtukana kwa Kibembe, lugha ya kwao.

"Sasa tunaelewana," Dokta akasema. "Moto uko kwenye figo."

Akaanza kazi palepale: antibiotiki kwa serumu ya mshipani, dawa ya kutuliza mfuko, sindano za kukomaza mapafu ya mtoto ikiwa angetoka tu, na maji, maji, maji. Lakini alisema wazi, mbele ya mgonjwa na mbele yetu, kwamba hajui kama tumewahi. Moto wa figo unaweza kuwa umeshafika kwenye mfuko. Joto likizidi kupanda, au plakete zikiendelea kushuka, atamtoa mtoto bila kungoja.

"Kwa hiyo," akaniambia, "kila asubuhi unipe hesabu."

Hapo ndipo ninyi mliosomea mashine peke yake mngekuwa na shida. Kesho yake niligeuza kioo cha mikroskopi kushika jua, nikajaza, nikafunika, nikasubiri. Mama Godelive akasimama nyuma yangu akinipumulia shingoni.

"Ukipumua hivyo plakete zitakimbia," nikamwambia.

"Hesabu, acha maneno."

Zilikuwa zimeshuka tena. Si sana, lakini zimeshuka. Dokta akaketi kwenye kigoda chake, magoti kidevuni, akauliza joto. Mama Godelive akasema joto limetulia kidogo. Akauliza tumbo. Akasema linakaza, lakini mara chache kuliko jana. Vitu viwili vilisema ngoja, na plakete zangu zilisema toa. Sijawahi kuzichukia kama siku ile. Dokta alizunguka labo, na labo yetu mnaijua, ni hatua chache tu kisha ukuta. Mwisho akasema plakete huchelewa kupata habari kwamba moto umezimika, tunampa Esta siku moja. Alimweleza mwenyewe hivyo, na Esta akauliza swali moja tu.

"Mutoto anacheza?"

Mama Godelive akaweka ile pembe ya mbao tumboni, akasikiliza. "Anacheza."

"Basi mungoje na miye."

Asubuhi iliyofuata anga lilikuwa na mawingu, jua halikutaka kuingia kwenye kioo. Nilibeba mikroskopi yote hadi barazani, mimi mtu wa kukaa ndani, nikaiweka juu ya ukuta mdogo, watu wa foleni wakinitazama kama mwendawazimu. Nikazungusha skrubu. Zikang'aa, zikazima, zikang'aa. Nikahesabu mraba wa kwanza, nikadhani nimekosea. Nikahesabu miraba mingine yote. Nikaanza upya kwa damu iliyobaki kwenye tubu. Zilikuwa zimeongezeka. Hazikuwa nyingi, lakini zilikuwa zimegeuka na kuanza kupanda.

Mnanijua, mimi sikimbii, hata mvua ikininyeshea natembea kwa heshima. Siku ile nilipita uwanja mzima kwa mwendo ambao Sifa baadaye aliwaambia watu ni wa bata aliyeona mahindi. Nikamkuta Dokta kwenye wodi. Nikamwonyesha kidole juu, maana pumzi ya kusema haikuwapo. Akaelewa. Akavua miwani, akaifuta kwenye koti, akaivaa, akaifuta tena. Mama Godelive alimgeukia Esta na kumwambia, "Huyu mutoto anabaki nyumbani kwake." Kisha akamgeukia Sifa na kumwambia, "Na wewe, mukojo wako ubaki kwako."

Plakete ziliendelea kupanda kila asubuhi. Tumbo likalala. Esta aliruhusiwa kurudi nyumbani, akaambiwa asipande boti, na anywe maji kama mtu aliyelipwa kuyanywa. Sifa alijipa kazi ya ulinzi. Alimfuata na jagi hata kanisani. Kila wiki alimleta labo na kichupa, amekishika juu kwa mkono mmoja katikati ya uwanja wote, akitangaza, "Huu ni wake, nimeshuhudia." Na kila wiki mkojo uliendelea kuwa safi zaidi.

Mwezi wa tisa uliingia, ukasogea, Esta akaanza kulalamika kwamba huyu mtoto sasa amezoea kukaa. Alizaa mchana kweupe. Mama Godelive alipiga dirisha la labo kwa kiganja, nikatoka, naye akarudi ndani, akaniinulia msichana juu kupitia dirisha la materinite, mnene, mweusi, amekasirika, mashavu yamefunika macho. Alilia kwa sauti ambayo wagonjwa wa malaria kwenye benchi langu waliitikia. Sifa alipendekeza mtoto apewe jina la kukiheshimu kile kichupa. Hakuna aliyemuunga mkono. Wakamwita Tumaini.

Esta hakuacha biashara. Ila alipokuwa tayari kurudi ziwani, alikusanya wanawake wote wenye mizigo kwenye boti lile, wakaenda kwa nahodha, na Sifa ndiye aliyenisimulia. Esta akasema wanataka kona nyuma ya boti, yenye mbao na pazia, na ndoo. Nahodha akasema boti ni la mizigo, si saluni.

"Vizuri," Esta akasema. "Mizigo ni yetu. Itabaki chini pamoja na sisi, wewe nenda na mbuzi."

Walikaa juu ya madumu yao bandarini, wanawake wote, boti tupu likicheza kwenye maji. Kabla jua halijafika utosini, nahodha alikuwa akitafuta fundi wa mbao. Baada ya hapo boti la pili likaweka kona, kisha la tatu, maana wanawake walianza kuchagua boti kwa kutazama nyuma kwanza. Mama Godelive naye akaanza kumwuliza kila mjamzito wa ziwani habari za maji na za kubana, na Dokta akawa anaagiza mkojo nyuma ya pazia, mbele ya shahidi.

Bibi wa Tumaini, mama yake Sifa, anakaa Moba, na mwezi uliopita mtoto alipaswa kupelekwa kubatizwa huko. Esta alikuja nyumbani kwangu Kataki akaketi kwenye kigoda cha miguu yangu, akasema bila mimi hawaondoki. Nilitoa visingizio vyote nilivyonavyo, na ninavyo vingi: kuku, goti, mume hajui kuwasha jiko. Alivisikiliza vyote, kisha akaninyanyua kwa mkono mmoja.

Basi nilipanda boti, lenye kona na pazia pale nyuma. Nilitapika mara moja tu, jambo ambalo naliona ni maendeleo makubwa. Tulipokuwa katikati, nchi kavu imekuwa mstari mwembamba na Tumaini amelala kwenye mapaja yangu akinilowesha bila aibu yoyote, Esta alifungua chupa kubwa ya maji, akanywa nusu yake kwa mkupuo mmoja mbele ya wanaume wote wa boti, akafuta mdomo, akanipa iliyobaki.

Nikanywa yote.